Kadi Inayojibu Bila ya Idhini



Wengi wetu leo twachukua mfukoni kadi ya benki, na aghlabu ya kadi hizo zina alama ya mawimbi manne madogo. Maana yake ni kuwa ndani yake mna chipu ya redio: waisogeza kadi karibu na mashine ya dukani, na malipo yakatimia. Ni wepesi mkubwa, wala hatuukatazi. Lakini yatupasa tuujue undani wake.

Chipu hii haina betri. Mashine hutoa mawimbi ya redio, na waya mwembamba uliozungushwa ndani ya kadi huyapokea ukayageuza umeme. Hapo chipu huamka na kujibu. Nayo haimtaki mwenyewe idhini. Yeyote mwenye mashine, akikaribia kwa sentimita chache, huuliza na kujibiwa, na mwenye kadi hana khabari. Hii ndiyo asili ya hatari.

Mwaka 2006, huko Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst na wenzao walizijaribu kadi za namna hii kiasi cha 20. Walipata kutoka kwazo jina la mwenyewe, nambari ya kadi na tarehe ya kumalizika, vyote wazi bila ya kufumbwa. Hata kadi iliyo ndani ya bahasha iliyotiwa gundi ilisomeka.

Tangu hapo mambo yametengenezwa. Kadi za sasa hutoa kwa kila malipo alama ya siri isiyofaa mara ya pili, na jina kwa kawaida halitolewi. Lakini katika kadi nyingi nambari na tarehe zingali zasomeka. Basi mwizi amekwisha pata nusu ya ufunguo.

Tufanyeje? Kwanza, iweke kadi ndani ya kifuko cha madini, au ikunje kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, kwani mawimbi hayapenyi humo. Pili, zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazitolewi na chipu. Usimtajie mtu kwa simu. Tatu, itake benki ikuletee ujumbe kwa kila malipo, na uonapo usilolijua, ipashe khabari saa ile ile.

Mwenye nyumba hafungi mlango kwa kuwashuku jirani zake wote, bali kwa kuwa haijui siku ya mwizi.