Ufundi Usingoje Mtoto Ashindwe

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, katika nyumba nyingi husemwa neno moja. Baba huzitazama alama za mwanawe, hunyamaza kitambo, kisha humwambia mkewe: “Basi, mama, huyu hana bahati na vitabu. Tumtafutie fundi.” Husema hayo kwa upole, lakini mtoto husikia hukumu. Tangu siku ile ufundi huwa kwake adhabu, na randa huishika kama mfungwa ashikavyo jembe.

Wazazi wapendwa, neno hilo lina makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba ufundi ni kazi ya wale walioshindwa kusoma. La pili ni kungoja mpaka shule iishe. Uanagenzi waweza kuanza mtoto angali kidato cha pili au cha tatu, awe mvulana au msichana, wala hautamwibia masomo yake, mradi uwekewe masharti.

Tuanze na kosa la kwanza. Mtazameni mwashi anapoweka msingi. Ili kona ikae mraba, hupima meta 3 katika kamba moja na meta 4 katika kamba ya pili, kisha hupima toka alama hii hata alama ile. Akipata meta 5 kamili, kona ni sawa. Asipozipata, nyumba itakwenda upande. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras, ambayo watoto wengi hujifunza darasani na kuisahau baada ya mtihani. Mtoto aliyeishika kamba ile Jumamosi hataisahau kanuni yake Jumatatu.

Au mtazameni fundi wa umeme. Birika la wati 2,000 katika umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Fundi asiyejua kuigawanya 2,000 kwa 230 aweza kuliunga kwa waya mwembamba kupita kiasi. Waya waweza kupata moto ndani ya ukuta, na nyumba yaweza kuteketea. Je, hiyo ni kazi ya kumpa mtu asiyejua hesabu? Shule humpa fundi hesabu, na karakana humpa mwanafunzi sababu ya kuhesabu.

Hata wakubwa wa elimu wameliona jambo hili. Katika Ujerumani mwanagenzi huenda shule siku moja au mbili kwa juma, na siku nyingine hufanya kazi chini ya mkufunzi, kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere alikwisha kutuonya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, juu ya shule iwafundishayo vijana kuidharau kazi ya mikono. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, una mikondo miwili ya sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali. Lakini mkondo wa amali ulianzia katika shule chache tu. Mzazi ambaye mwanawe yumo katika shule ya kawaida amebaki na karakana ya mtaani kwake. Nayo yaweza kumjenga mtoto au kumharibu. Kwa hiyo masharti manne yafaa yashikwe.

Kwanza, saa. Mwanafunzi aende kwa fundi Jumamosi na wakati wa likizo, si siku za masomo. Anayekosa darasa ili apige msasa milango ya fundi si mwanagenzi. Ni kibarua asiyelipwa.

Pili, mapatano. Yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya shahidi: atafundishwa nini na kwa muda gani, nani atanunua vifaa, nani atatoa nauli na chakula, na kazi yake ikiuzwa atapata nini. Wako mafundi wema, tena wengi. Lakini wako pia wanaoficha ujuzi: kila saa ya kupima na kukata ifikapo, mtoto hutumwa kununua chai.

Tatu, usalama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Tangu umri huo inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kumzuia kwenda shule. Kazi ya hatari imekatazwa kwa aliye chini ya miaka 18, na palipo na mafunzo sheria hudai mtoto alindwe na aelekezwe ipasavyo. Basi mzazi aende mwenyewe karakanani. Aulize miwani ya kuchomelea iko wapi, na nani husimama karibu msumeno wa umeme unapowashwa. Akiona watu wanacheka swali lake, amrudishe mtoto nyumbani.

Nne, daftari. Kila siku mwanagenzi aandike alichofanya, vipimo alivyotumia, na kosa alilolikosa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima pia watu waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Atakapopimwa, daftari hilo litamkumbusha yote aliyopitia.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mwulizeni mtoto sasa, akiwa kidato cha pili, mikono yake yapenda nini: mbao, chuma, nguo au nyaya? Akishinda mtihani, ataendelea na masomo akijua vitabu vyasema juu ya nini. Asiposhinda, hataanzia kwenye aibu, kwani atakuwa amekwisha kuanza zamani.

Ndipo baba atakapozitazama zile alama, zikiwa nzuri au mbaya, atakuwa na neno jingine la kusema: “Mwanangu, kesho ni Jumamosi. Fundi wako anakungoja.”