Maji ya Mto Wakati wa Kiangazi

Katika Katanga ya kusini, tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, mvua haionekani. Majani yanakauka, vumbi linafunika njia. Lakini mto Lufira hauachi kutiririka, na mama zetu wanateka maji kwenye chemchemi. Maji hayo yanatoka wapi, na mbinguni hakuna hata wingu moja?

Mvua ikinyesha, maji yake yanashika njia tatu. Mengine yanarudi juu: jua linayakausha, na miti inayavuta kwa mizizi na kuyatoa kwa majani kama mvuke. Mengine yanateremka mbio juu ya udongo mpaka mtoni. Mengine yanaingia ndani ya udongo polepole, yanajaza nafasi ndogo kati ya mchanga na nyufa za mawe. Hayo ndiyo maji ya chini. Tukichimba kisima, ndiyo tunayoyakuta.

Jaribuni wenyewe. Twaeni kopo kuukuu, litoboeni matundu madogo chini, lijazeni mchanga mkavu. Mwagieni maji. Kwanza hakuna kinachotoka, kwani mchanga unakunywa. Ongezeni maji: sasa yanadondoka. Acheni kumwaga: yanadondoka bado. Kisha mwageni maji juu ya jiwe: yote yanakimbia mara moja, na baada ya dakika chache jiwe ni kavu tena.

Nchi ni kama kopo lile. Mvua za kwanza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, haziongezi mto sana, kwa sababu udongo una kiu. Mwezi wa pili na wa tatu udongo umeshiba: maji ya visima yanapanda, mto unajaa. Mvua zikiisha, udongo unaurudishia mto maji kidogo kidogo. Basi maji mnayoteka mwezi wa nane ni mvua ya miezi iliyopita, pengine ya miaka iliyopita.

Lufira inaingia katika Lualaba, na Lualaba ikifika Kisangani inaitwa Kongo. Mto Kongo unavuka ikweta mara mbili. Kusini kukiwa kiangazi, mvua inanyesha kaskazini, upande wa Ubangi. Kwa hiyo mto huo haupungui sana kama mito mingine. Kwa wastani, karibu mita za ujazo 40,000 za maji zinapita Kinshasa kila sekunde.

Lakini kijito cha kijiji hakina mvua ya pande mbili. Msaada wake ni udongo wa kilima chake tu. Watu wakikata miti yote na kuchoma majani kila mwaka, mvua inapiga udongo mtupu, nao unakuwa mgumu kama jiwe lile. Wakati wa masika maji yanafurika na kuchukua udongo wa mashamba. Wakati wa kiangazi chemchemi inaweza kukauka, na watoto wanakwenda mbali na ndoo zao.

Anayetaka maji ya mwezi wa nane, atunze kilima chake mwezi wa pili.

Maulizo
1. Maji ya mvua yanashika njia gani tatu?
2. Kwa nini mvua za kwanza haziongezi mto sana?
3. Pamoja na mwalimu, pimeni kwa kamba kina cha maji ya kisima kila mwezi. Yanashuka lini? Yanapanda lini?