SOMO: Mbele ya kuweka feza ya koperative, tuangalie miaka ya nyuma



Kahawa ikisha kuuzwa na kila mtu amepata lake, mara nyingi feza kidogo inabaki katika kese ya koperative. Ni feza ya mifuko, ya kutengeneza mashine ya kumenya, ya kuanza msimu ujao. Hapo ndipo wageni wanaanza kufika: COOPEC ya mjini, shirika la mikopo, au mtu tu na mkoba wake. Wanaahidi faida nzuri, wanaonyesha karatasi ya mwaka jana. Somo la leo ni juu ya ile karatasi.

Mwaka mmoja hautoshi. Mbegu mpya ya maharagi ikizaa sana msimu mmoja, hakuna mkulima anayeipanda shamba lote. Anangoja kwanza aone vile inafanya mvua ikichelewa. Na feza iko vilevile. Wazee wetu wanakumbuka Bindo ya Kinshasa. Watu wa kwanza walioweka feza walilipwa kweli, tena vizuri, na habari ikaenea mbio kwa sababu ilikuwa ya kweli. Lakini faida ile ilitoka katika mifuko ya wale waliokuja nyuma. Mwaka 1991 ikaanguka, watu wakapoteza. Historia ya miezi michache, hata ikiwa tamu namna gani, haionyeshi feza inatoka wapi.

Kwa hiyo komite iombe bilani za miaka mitano. Na isianze na mwaka mzuri. Iulize juu ya mwaka mubaya. Mwaka 2020, wakati wa korona, mipaka na Rwanda ilifungwa na mama wengi wa biashara ndogo ndogo walikaa bila kazi. Wangapi kati yao walishindwa kurudisha mikopo? Mwenye akiba aliyekuja kutoa feza yake, alipewa siku ile ile ao aliambiwa arudi kesho, na kesho tena? Swali hili muulize meneja, lakini sana sana muulize wanachama wa pale, kwenye mlango, bila haraka.

Katika bilani kuna hesabu moja tunapaswa kutafuta: mikopo iliyochelewa kupita siku 30. Tuseme COOPEC imekopesha dola 100,000. Ikiwa mikopo yenye kuchelewa ni dola 4,000, hiyo inavumilika. Watu wa kazi hiyo wanapenda isipite 5 kwa 100. Ikifika dola 10,000, komite isimame. Na ikiwa hesabu hiyo inapanda kila mwaka, basi faida nzuri wanayoonyesha isitudanganye.

Sasa jambo ambalo linaumiza wengi: franga na dola. Mwanzo wa 2016, dola 1 ilikuwa karibu franga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu franga 1,600. Tuseme koperative iliweka franga 1,000,000 mwanzo wa 2016, na ikapewa faida ya 10 kwa 100 kila mwaka. Nyuma ya miaka miwili ina franga 1,210,000. Kwenye karatasi ni furaha. Lakini mara ya kwanza zile franga zilikuwa dola 1,075, na sasa ni dola 756 hivi. Mashine na dawa tunanunua kwa bei ya dola, kwa hiyo tumepoteza karibu dola 320, na hakuna mtu aliyeiba. Basi kila faida wanayoonyesha katika franga, tuigeuze katika dola ya mwaka ule ule mbele ya kupiga makofi.

Tuulize pia nani alifanya kazi ile. Ikiwa meneja wa ile miaka mitano mizuri ameisha kuondoka, na mwenye kukopesha leo ana miezi sita tu, ile historia ni ya mwingine.

Karatasi ya ruhusa ni lazima, hapana kuiacha. Kwa sheria namba 002/2002 ya tarehe 2 Februari 2002, COOPEC inapaswa kuwa na ruhusa ya Benki Kuu ya Congo. Asiyeweza kuionyesha, mazungumzo yaishie pale. Lakini ruhusa peke yake haisemi kama wanafanya kazi vizuri. (MUSO ya kijijini ni mambo mengine: watu wanajuana, na sanduku linafunguliwa mbele ya wote.)

Kazi ya kufanya katika kikundi. Koperative yenu ina dola 2,000, na itazihitaji nyuma ya miezi minane. COOPEC ya kwanza, kwa miaka mitano, imetoa faida ya 5, 4, 5, 2 na 4 kwa 100, yote katika dola. Ule mwaka wa 2 ulikuwa 2020, na hakuna mwenye akiba aliyerudishwa mikono mitupu. Ya pili ina miaka miwili tu: imetoa 18 na 20 kwa 100, katika franga. Kila mwanachama aseme angeweka wapi, na kwa nini. Kisha mwenye kuandika apange maswali matatu ambayo komite itapeleka kwa kila mmoja wao mbele ya mkutano ujao.