Ukiita Kutoka Kalemie: Vidokezo kwa Watu wa Redio ya Ridhaa

Alama za vituo zinazoanza na 9Q ni adimu hewani. Leseni ikishatoka na mtambo ukawaka hapa Kalemie, wewe ndiwe unayewindwa, kwa hiyo mwendo wa mazungumzo unaupanga wewe.

1. Soga na Kigoma. Ongeeni Kiswahili mpaka mchoke, ila alama ya kituo itajwe kwa herufi za kimataifa: Nine Quebec na kuendelea. Mwenzako akiachia kitufe, nyamaza kidogo kabla ya kujibu; huenda mtu wa Bujumbura anataka kuingia. Miadi iwekeni kwa UTC. Saa 18:00 UTC ni 20:00 Kalemie, lakini Kigoma ni 21:00, na hapo ndipo watu hupishana.

2. Ukizongwa. Utaita mara moja kwenye 14 MHz, Ulaya nzima ikuitikie kwa mpigo. Tangaza kwamba unasikiliza kHz 5 hadi 10 juu ya masafa unayorushia, kelele zao zisikufunike. Ukinasa herufi mbili tu, zirudie hizo hizo, wala usimpokee mwingine mpaka umalizane na mwenye nazo. Ukimpa nafasi anayepayuka, umewafundisha wote kupayuka. Na alama yako itaje kila baada ya watu wachache: wapo wanaopanga foleni bila kujua wanamngoja nani.

3. Morse. Piga kwa kasi ya aliyekuita, hata kama mkono wako ni mwepesi.

4. FT8. Rekebisha kwanza saa ya kompyuta. Ikikosea zaidi ya sekunde moja hivi, hupati mtu.

5. Mashindano. Katika CQ World Wide, wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, sema "59 36" basi. Kanda yetu ni ya 36. Ukivuka ziwa kwenda Tanzania ni ya 37. Kujuliana hali kungoje Jumatatu.

6. Setilaiti. QO-100 iliyobebwa na chombo cha Qatar iko karibu utosini mwetu, hivyo sahani hutazama juu kama sufuria. Itobolee tundu la kutolea maji ya mvua. Jisikilize unavyorudi kutoka angani, na usizidi nguvu ya mlio wa kielelezo. Ukizidi, king'ora kiitwacho LEILA kitalia juu ya sauti yako, wote wakisikia.

7. Dharura. Kwenye 7110 na 14300 kHz, ukisikia kisa, funga mdomo, shika kalamu, jibu ukihitajika tu. Ujumbe uandike neno kwa neno, hata sarufi yake ikikukera.