Kabla ya Kuwasha Seva ya Kikundi

Kikundi cha Hedaru kinachotaka mtandao wake wa kijamii kinaweza kutumia Mastodon, programu huria iliyotolewa mwaka 2016. Aghalabu fundi huiweka ndani ya kontena. Si lile lipitalo kwenye lori katika barabara kuu ya Arusha, bali kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili ifanye kazi.

Hifadhidata, yaani PostgreSQL, nayo huwa na kontena lake. Kontena likifutwa, yote yaliyoandikwa ndani yake hupotea. Kwa hiyo mtumiaji amtake fundi aelekeze hifadhidata na picha za wanachama kwenye folda iliyo nje ya kontena, na nakala yake itunzwe katika mashine nyingine. Faili la mipangilio, .env.production, lina funguo za siri: kikundi kikabidhiwe, wala lisitumwe kwa WhatsApp. Jina la kikoa lichaguliwe kwa makini, kwani kulibadili baadaye huvuruga akaunti zilizokwisha kufunguliwa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume husika.