Kazi Ikisimama Ghafla, Kundi Litafanya Nini?



Somo la mwezi huu linawahusu wale wanaokula jasho la leo leo. Kinyozi, fundi wa cherehani, mama mboga, kijana wa boda boda, mtu wa mjengo, na yule mama wa mandazi pale karibu na stendi ya Ruiru. Hawa hawana mwajiri. Hawapewi barua ya kuachishwa kazi wala marupurupu ya mwisho. Kazi ikisimama leo, sufuria inajua kesho asubuhi.

Tunataka kuuliza jambo moja tu: kundi lenu limejiandaa namna gani kwa siku ambayo kazi ya wanachama wote itasimama pamoja? Si mwanachama mmoja. Wote.

Mambo yalivyokuwa mwaka wa 2020

Mnakumbuka. Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Jumapili hiyo ikatangazwa kwamba shule zifungwe, na vyuo vikafuata. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili usafiri wa kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake ukakatazwa, na kwa upande wetu mpaka uliwekwa kwenye daraja la mto Chania, hapa Thika. Katazo hilo liliondolewa tarehe 7 Julai. Hiyo ni miezi mitatu.

Sasa angalia mpaka huo ulifanya nini. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini abiria hapana. Mama aliyezoea kupanda matatu alfajiri kwenda kununua ndizi na parachichi upande wa Murang'a, arudi nazo mwenyewe, hangeweza tena kwenda. Ilibidi anunue kwa mwenye lori, kwa bei ya mwenye lori. Kinyozi aliyekuwa akipata wateja jioni, watu wakitoka kazini, alifunga saa kumi na moja ili afike nyumbani mapema. Matatu ya abiria 14 iliagizwa kubeba 8 tu, na makanga wengi wakaachwa nyumbani. Pale Juja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walipoenda kwao, waliokuwa wakiwauzia chipsi, chapati na karatasi za kunakili hawakuwa na mtu wa kumuuzia. Wauzaji wa nyama choma wa Kamakis, nao wateja wao ni wa usiku. Utauza nini usiku ukiwa na kafyu?

Hakuna hata mmoja katika hao aliyekuwa mvivu, wala hakuna aliyefanya biashara vibaya. Tunasema hivi kwa sababu katika vikundi kuna tabia ya kumtazama aliyeshindwa kulipa kana kwamba ni mtu mbaya.

Serikali ilisaidia kiasi. Kuanzia Aprili mwaka huo mwenye mshahara wa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi hakukatwa kodi ya mapato. Hiyo ilikuwa nzuri kwa mwenye karatasi ya mshahara. Mama mboga hakuwa na mshahara wa kukatwa, kwa hivyo hakuongezewa hata senti. Kilichomgusa zaidi ni kwamba kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 kulikuwa bila malipo mpaka mwisho wa mwaka.

Shida ya mmoja na shida ya wote

Vikundi vyetu vinajua sana kusaidia mmoja. Mwanachama akifiwa tunachanga. Akilazwa hospitali tunachanga. Kumi na tisa wako sawa na mmoja ameanguka, kwa hivyo wanamwinua. Lakini wote ishirini wakianguka siku moja, nani atamwinua mwenzake?

Hapo ndipo vikundi vingi vya meri-go-raundi huvunjika. Tuchukue mfano wa kundi la watu ishirini wanaotoa shilingi 200 kila wiki. Kila wiki mmoja anapokea 4,000. Wiki ya nane kazi inasimama. Wanane wamekula tayari. Kumi na wawili wametoa 200 kwa wiki nane, yaani 1,600 kila mmoja, na mkononi hawana kitu. Wale wanane wanasema hawana pesa, na ni kweli hawana. Wale kumi na wawili wanasema wameibiwa, na ukiwa mahali pao ungesema hivyo hivyo. Baada ya mwezi watu hawasalimiani. Kazi inarudi lakini kundi halirudi.

Dawa yake ni ndogo, ila lazima iandikwe mapema. Andikeni katika katiba ya kundi kwamba kazi ikisimama kwa wengi, mzunguko unasimama pale ulipo. Katibu anaandika nambari ya mwisho iliyopokea na majina ya wanaongoja, kwa mpangilio wao, na wote wanatia sahihi. Kazi ikirudi, mnaanza na nambari inayofuata. Wanane wanaendelea kudaiwa lakini hawafukuzwi, na wale kumi na wawili wana karatasi inayowalinda.

Kula mtaji

Jambo la pili ni mtaji. Tuseme mama ana shilingi 3,000 za kununulia mboga. Kila asubuhi anazipeleka sokoni, jioni zinarudi na 500 juu. Hizo 500 ndizo za unga, parafini na akiba ya kodi. Zile 3,000 si zake za kula. Ni kama jembe.

Kazi ikisimama, wiki ya kwanza anakula 500 alizobaki nazo. Wiki ya pili anaanza kumega zile 3,000. Wiki ya nne zimeisha. Hapo hata barabara ikifunguliwa, yeye bado amefungwa. Jirani yake aliyebaki na mtaji anarudi sokoni siku hiyo hiyo, na huyu anaanza kutafuta mkopo. Ndivyo fundi anavyouza cherehani ili alipe kodi ya miezi miwili, halafu mwezi wa tatu hana kodi na hana cherehani.

Kwa hivyo msaada wa kundi wakati wa shida ya wote hautoshi kumrudishia mtu mapato yake yote, na msijaribu. Utoshe unga na maji, ili mtaji na vyombo vya kazi visiguswe. Mkielewa hilo mtaona kwamba kiasi kinachohitajika si kikubwa vile mnavyoogopa.

Hesabu ya mfuko wa dharura

Turudi kwa kundi letu la watu ishirini. Badala ya kutoa 200 zote kwa mzunguko, watoe 150 kwa mzunguko na 50 ziende kando. Watu ishirini mara 50 ni 1,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 52,000. Kazi ikisimama kwa wote, kila nyumba inaweza kupata 1,300 mara mbili, mwezi wa kwanza na wa pili. Hiyo ni 2,600 kwa nyumba. Si pesa ya kuringa nayo. Lakini ni unga wa wiki nyingi, na ni mtaji ambao haukuliwa.

Sasa sikizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi huteleza. Hiyo 52,000 isikopeshwe. Mtasikia mtu akisema pesa inalala bure na ingezaa riba. Ni kweli, inalala. Imewekwa ilale. Pesa ikiwa imekopeshwa wanachama, siku ya shida ya wote iko mikononi mwa watu wale wale wasio na kitu. Kwenye daftari mna 52,000. Kwenye sanduku hamna kitu.

Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao ulianzia Niger mwaka wa 1991 katika kazi ya shirika la CARE na umeenea hata kwetu, hutenga mfuko wa jamii na mfuko wa mikopo. Hata vikao vinahesabu kila mfuko peke yake. Nanyi fanyeni hivyo. Akaunti ya pili katika benki au SACCO ni bora, yenye sahihi za watu watatu. Isiwe kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa mcha Mungu namna gani. Mwaka wa 2020 mikutano ilikatazwa na hata makanisa yakafungwa, kwa hivyo andikeni pia namna uamuzi utakavyofanywa watu wakiwa hawawezi kukutana.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka Yusufu katika Mwanzo 41. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno ikusanywe katika miaka ya shibe. Ile 50 katika 200 ni robo, kwa hivyo mko mbele yake kidogo. Na nafaka ile haikukopeshwa watu kabla ya njaa kufika.

Madeni

Mkopo wa kundi usizae riba katika miezi ambayo kazi imesimama. Anayedaiwa aje mwenyewe aseme, na tarehe mpya iandikwe. Akinyamaza na kujificha, hiyo ni habari nyingine.

Mikopo ya simu ndiyo inayomaliza watu. Inakuja kwa dakika moja, na kazi ikiwa imesimama unakopa ya pili kulipa ya kwanza. Fuliza nayo inatoza ada ya kila siku, kwa hivyo deni dogo likilala wiki mbili si dogo tena. Lakini jueni haki yenu. Tangu sheria ya Desemba 2021 na kanuni za Machi 2022, wakopeshaji wa kidijitali ni lazima wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na hawaruhusiwi kukutishia wala kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Kabla ya kukopa, ulizeni kama mkopeshaji ana leseni hiyo.

Msiseme korona imeisha. Tarehe 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara za kuingia Nairobi kwa sababu ya maandamano ya Saba Saba, pamoja na Barabara ya Thika, na mtu wa mjengo wa Ruiru anayefanya kazi mjini hakufika. Ilikuwa siku moja. Lakini kwa anayelipwa kwa siku, siku moja ni chakula cha siku moja.

Kitu kimoja zaidi kuhusu katiba. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022 inataka kundi liwe na katiba. Wengi hunakili ya jirani na kuipeleka kwa afisa wa maendeleo ya jamii bila kuisoma. Kwa kuwa mtaiandika hata hivyo, wekeni humo kifungu cha kazi kusimama.

Ya kujadiliana katika mkutano

Je, wanachama wetu wote wanafanya kazi ya aina moja, au wa sokoni wote wanategemea barabara moja? Kama ni hivyo, tungeweza kukaribisha wa kufuga kuku, wa shamba, au fundi wa mtaani?

Nani ataamua kwamba kazi imesimama kwa wote, na si kwa mtu mmoja au wawili? Wekeni idadi. Vikundi vingine vinaweza kusema nusu ya wanachama, vingine theluthi.

Kwa mkutano unaokuja kila mmoja alete karatasi yenye mambo mawili: nyumba yake inahitaji shilingi ngapi kwa wiki kwa unga, maji na moto peke yake, na mtaji wake ni kiasi gani. Msionyeshane kama hamtaki. Mpeni katibu ajumlishe, kisha mlinganishe jumla ile ya kwanza na pesa iliyo kwenye sanduku leo.