Barua kutoka Migodi ya Dhahabu

Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Likizo iliyopita nalijifunza kwamba nusu ya pili nayo yafaa kutafutwa.

Zamani vijana wengi wa Rungwe walisafiri kutafuta kazi: wengine katika dhahabu ya Lupa, huko Chunya, wengine katika shaba ya Zambia ya leo, na wengine Afrika ya Kusini. Wengi wa hao wa kusini waliandikishwa na chama cha Witwatersrand Native Labour Association, ambacho watu walikiita Wenela. Sehemu ya mshahara iliwekwa, mtu akalipwa arudipo kwao. Baada ya Uhuru wa 1961, serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo.

Baba yake Babu yangu alikuwa mmoja wao. Babu ameniruhusu kusoma barua zake saba, za tangu 1957 hata 1959. Zote ni za Kiswahili. Zaanza kwa salamu ndefu, ndipo zauliza habari za ng'ombe, kahawa na karo ya shule. Kazi ya chini ya ardhi haitajwi sana.

Nilipozipanga kwa tarehe, naliona jambo. Tano za kwanza zina mwandiko mmoja, mbili za mwisho mwandiko mwingine. Nikamwuliza, "Babu, kwa nini?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, soma ya sita, mstari wa nne." Palikuwa pameandikwa kwamba jiwe limemwumiza mkono wa kulia, na mwenzake ndiye amwandikiaye.

Mama yake Babu hakujua kusoma. Babu, akiwa mtoto wa darasa la tatu, ndiye aliyemsomea, akifasiri kwa Kinyakyusa. Mstari ule aliuruka, asimlize mama. Baba aliporudi 1960 bila vidole vitatu, mama alimtazama mwanawe, asiseme neno. Babu asema hajalisahau jicho lile.

Wenzangu, tusomapo barua ya zamani tuulize mambo manne: Ni maneno ya nani? Ni mwandiko wa nani? Nani aliwasomea wengine? Ni nini kilichoachwa? Na kama nyumbani mna barua za namna hii, ziwekeni pakavu, maana mvua zetu na mchwa havina huruma. Tena waulizeni wazee wakiwa wangali hai, kwa kuwa mstari ulioruka haumo katika karatasi, umo kwao.